Gunia la Chokaa ya Mandera

Kituo cha Bahari, kusini ya Mombasa
3 Novemba 1966

Abaayo Safiyo,

Amani na rehema za Mola ziwe juu yenu nyote hapo Garissa. Naomba barua hii imkute mama yetu, Hooyo, goti limepoa, ami yetu Adeer Abdille amepunguza kukohoa, na Faduma, mke wa Ahmednoor, anaubeba mzigo wake bila taabu. Wewe najua u mzima, kwa sababu wagonjwa wako hawakupi nafasi ya kuumwa. Mimi sijambo. Mvua za vuli zimefika huku, na paa la chumba changu linavuja mahali pamoja tu, juu ya kiatu cha kushoto. Nimekihamisha.

Nina ombi kwa kaka yetu Ahmednoor. Akirudi na lori, msomee. Daktari, yule mama wa Kizungu ninayemsaidia kazi, anataka chokaa ya Mandera, gunia dogo tu. Anasema nchi ile ilikuwa chini ya bahari zamani, kabla hajazaliwa mtu wala ngamia, na ndani ya chokaa yamebaki maganda ya wadudu wa jamii hii tunayoichota hapa kila maji yakipwa. Chokaa ya juu haifai, jua limeiharibu. Inayofaa ni ile inayotupwa kando ya visima vipya vinavyochimbwa nje ya mji, upande wa mpaka. Nilimwambia Daktari kwamba kaka yangu anaendesha lori mpaka Mandera, akafurahi sana.

Ukurasa wa 2

Wewe ni mkunga, kwa hiyo nitakueleza bila kuzunguka. Mdudu mwenyewe ni mdogo kuliko punje ya ufuta. Ni jamaa ya kamba na kaa, lakini amejifungia ndani ya maganda mawili kama kunde, na sisi hapa kituoni tunawaita kunde. Dume wake ni kiumbe cha ajabu. Viungo vya uzazi vinajaza karibu theluthi ya mwili wake. Ana dhakari mbili, moja kila upande, na katika aina fulani kila upande una pampu yake ya kusukuma mbegu. Kuna aina ambazo uzi mmoja wa mbegu, ukinyooshwa, ni mrefu kuliko dume aliyeutoa. Jike ana vifuko viwili vya kuihifadhi, na anaweza kuendelea kutaga wakati dume ameshakufa. Majike wengine hawatagi nje. Huyaweka mayai sehemu ya nyuma, ndani ya ganda lao, na kuyalea humo mpaka watoto wapate maganda yao wenyewe. Basi ganda la dume hurefuka kwa ajili ya mzigo wake, na la jike hutanuka nyuma kwa ajili ya wake. Nyama ikioza ganda linabaki, na umbo lake linakuambia huyu alikuwa dume au jike. Hilo ndilo Daktari analolitafuta Mandera. Anataka kujua kama madume wa bahari ile ya kale walikwisha kubeba mzigo huu, au uliongezeka kidogo kidogo, kizazi baada ya kizazi, na kama aina zilizoubeba mzito mno ndizo zilizotoweka.

Sasa neno kwa Ahmednoor. Visima hivyo viko ndani ya eneo lililopigwa marufuku, na nasikia njia za kando zimetegwa mabomu. Asiende mwenyewe. Amwombe mtu wa mji amletee pale msafara wa malori unapolala. Asipompata, aache kabisa. Daktari ataishi bila chokaa.

Ukurasa wa 3

Mwambie Faduma nimemwekea kanga ya Mombasa, na Hooyo nimempatia mafuta ya kuchua goti. Nisalimie kila anayeniulizia, na asiyeniulizia pia.

Ndugu yako,
Kerrow


Garissa
27 Novemba 1966

Walaal Kerrow,

Salamu zimepokewa na zinarudishwa. Goti la Hooyo limepoa kweli, sasa ni kiuno. Adeer anakohoa vilevile. Ngamia waliobaki Hulugho hatuna habari zao tangu watu wa huko walipoamriwa kuhamia ndani ya kijiji chenye uzio. Hapa mjini kafyu inaanza jua likizama, kwa hiyo akina mama wote wenye uchungu wamejifunza kuzaa mchana, au hawazai kwangu.

Barua yako ilifika imefunguliwa na kubandikwa tena kwa gundi. Kwa hiyo kuna askari hapa Garissa ambaye sasa anajua habari za dhakari mbili. Natumaini zimemfaa.

Niliisoma siku Ahmednoor aliporudi. Unajua inavyokuwa. Lugha yetu haina herufi, wewe unaandika Kiswahili, mimi naitoa kwa Kisomali, na nyumba nzima inakaa kusikiliza kama redio. Hooyo huku, Adeer Abdille kule na tasbihi yake, Faduma mlangoni na tumbo lake. Nikamaliza ukurasa wa kwanza, nikageuza, nikaona ulichoandika. Nikaruka mpaka wa tatu.

Adeer akauliza, "Mbona umenyamaza?"

"Ni habari za wadudu, Adeer."

"Wadudu gani hawasomeki?"

"Wa baharini."

Ahmednoor alicheka mpaka akatoka machozi, ananijua. Kesho yake nilianza kuusoma mwenyewe hospitali, nikafika kwenye uzi mrefu kuliko baba yake, kisha nikaitwa kwa mama mwenye mapacha. Hivi kweli serikali inakulipa kutazama tupu za wadudu? Hooyo anawaambia majirani unahesabu kamba, na mimi sijamsahihisha.

Ahmednoor amekubali. Alisema, "Mwambie mawe yake atayapata hata akitaka ya kujengea nyumba." Msafara wake wa Mandera ni baada ya Idi, katikati ya Januari.

Dada yako,
Safiyo


Kituo cha Bahari
30 Desemba 1966

Abaayo Safiyo,

Natumaini funga inawaendea vyema na Hooyo hajilazimishi kufunga kwa ukaidi. Hapa tunafuturu kwa tende na muhogo, na mpishi wa kituo, ambaye si Mwislamu, ameanza kufunga nusu siku ili asipike.

Nimechelewa kukujibu. Barua yako ilinifikia tarehe 9. Wiki zile maji yalikuwa yakipwa sana na tulikuwa mwambani kila siku na ndoo, na usipowanasa wakati huo unangoja mwezi mwingine. Unaniuliza kama serikali inanilipa kutazama tupu za wadudu. Inanilipa. Nawe inakulipa kutazama za watu, tena mimi wangu hawapigi kelele.

Daktari amenifundisha kumpasua dume kwa sindano mbili. Ukifungua ganda, unadhani umefungua sanduku la fundi: vifaa vya kazi moja vimejaa, na mwenye sanduku amebanwa pembeni. Nilimwuliza kwa nini Mungu ampe mzigo huo kiumbe mdogo hivi. Akasema kila dume alishindana na mwenziwe, na aliyeshinda aliwarithisha wanawe vifaa vikubwa zaidi, mpaka wote wakawa wanabeba wasichoweza kukitua. Mimi niliandika maneno yake katika shajara bila kusema ndiyo wala la.

Umesema uliruka ukurasa wa pili. Mwishoni mwake mna neno kwa Ahmednoor kuhusu visima. Tafadhali msomee kabla hajaondoka.

Idi njema kwenu nyote.

Kerrow


Garissa
8 Februari 1967

Walaal Kerrow,

Hooyo anakusalimu. Adeer anakusalimu.

Ahmednoor amefariki. Ilikuwa Mandera, tarehe 23 Januari, asubuhi. Msafara ulikuwa umesimama mjini ukingoja askari wa kuusindikiza. Yeye akawasha lori, akatoka nje ya mji upande wa visima, na wakati wa kurudi akafuata njia ya kando. Lori lilikanyaga bomu lililotegwa. Aliyelitega sitamtaja hapa, nawe usiniulize. Dereva mwenzake Nunow na wengine walikwenda kumchukua. Wamemzika hukohuko Mandera kabla ya alasiri, na watu walikuwa wengi.

Nunow alikuja mwenyewe kutuambia. Alileta viatu na kikoi chake na vitu vingine alivyovikuta.

Faduma yuko nasi. Anakula tukimwambia ale. Ameanza kukaa eda.

Barua yako ya Desemba ilifika siku ya nne ya matanga.

Safiyo


Kituo cha Bahari
26 Februari 1967

Abaayo,

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mola amlaze pema na ampe Hooyo subira. Niliomba kibali cha kuja, ofisi ikajibu kwamba watu wetu hawasafiri kwenda jimboni kwa sasa ila kwa sababu ya pekee. Nikauliza kifo cha kaka ni sababu ya namna gani. Karani akasema nilete cheti.

Barua hii nimeianza mara nyingi. Sina la kukuambia ambalo hulijui. Daktari aliposikia alivua miwani, akakaa, kisha akaniambia nipumzike, nami nikamwambia sitaki kupumzika. Ninapanga madume upande mmoja wa sahani na majike upande mwingine. Inanifaa kwa sababu macho hayawezi kufanya kazi hiyo na kitu kingine.

Umeandika Nunow alileta vitu vingine. Ni vitu gani?

Msalimie Faduma. Usimwambie neno lolote kutoka kwangu, salamu tu.

Kerrow


Garissa
19 Mei 1967

Walaal Kerrow,

Natumaini u mzima. Tumekaa muda bila kuandika. Mafuriko ya Tana yalikata barabara, na mimi pia sikuandika.

Faduma amejifungua tarehe 11 mtoto wa kike. Nilimpokea kwa mikono yangu. Alikuja kwa miguu, nikamgeuza, akalia. Tumemwita Osob. Ana masikio ya Ahmednoor, yale yaliyosimama.

Eda imekwisha siku hiyohiyo, kama ijulikanavyo kwa mjane mwenye mimba. Siku ya saba, baada ya kuchinja, Adeer Abdille aliita wazee wawili akanena habari ya dumaal. Alisema ndugu wa marehemu yupo, ana kazi, hajaoa, ndiye atakayemwoa Faduma, na mjane na mtoto hawatoki nje ya nyumba wakati mtu huyo anapumua. Akasema, "Kerrow ni kijana wa kuwajibika. Hatakataa." Wazee wakakusifu. Hooyo alilia, lakini kwa kufarijika. Faduma aliulizwa. Akasema, "Nitasikia kwanza Kerrow anasema nini."

Basi sema. Akikosa mume wa nyumba hii atarudi kwa mama yake, na mtoto atakwenda naye.

Kuna mzigo wako unakuja na dereva mmoja wa lori la ng'ombe anayeshuka Mombasa.

Safiyo


Kituo cha Bahari
11 Juni 1967

Abaayo Safiyo,

Mungu amkuze Osob, ampe umri mrefu kuliko wetu sote. Nimefurahi kwa masikio.

Mzigo umefika. Uliuandikia jina langu na hukutia hata mstari mmoja ndani. Nilijua ni nini kabla sijaushika, na nilijua ni nani aliyeufunga kwa lile fundo lake la kufungia turubai, ambalo alinifundisha mara nyingi na siliwezi mpaka leo. Gunia halikupasuka. Limekaa chini ya meza yangu. Sijalifungua.

Kuhusu dumaal, mwambie Adeer niko tayari. Sijasema hivyo kwa kulazimishwa. Lakini siwezi kula sifa aliyonipa. Ombi langu Faduma alilisikia, lakini lazima ajue kwanza kwamba ndilo lililompeleka Ahmednoor visimani siku ile, na kwamba nilijua ni hatari.

Nimerudi katika shajara. Desemba 9 nimeandika: "Barua ya Safiyo. Ukurasa wa 2 haukusomwa. Kujibu." Desemba 10: maji kupwa. Kumi na moja: maji kupwa. Nikaja kujibu tarehe 30, tena mwishoni, chini ya mizaha. Telegramu ingefika upesi. Niliifikiria, nikaona karani wa simu atanicheka, kwamba mtu anatuma telegramu kwa ajili ya mawe. Na onyo lenyewe nililiweka wapi? Chini ya ukurasa ambao dada yeyote mwenye adabu hawezi kuusoma mbele ya Adeer wake. Nilikujua. Nilijua nyumba inavyokaa kusikiliza. Niliandika kana kwamba nakuandikia wewe peke yako.

Msomee Faduma barua hii. Akishasikia, kama bado atanitaka, nitakuja.

Kerrow


Garissa
2 Julai 1967

Walaal,

Hooyo anaendelea. Mtoto ananyonya vizuri.

Barua yako sijamsomea Faduma na sitamsomea. Nilimwambia umekubali. Adeer alifurahi, akatuma habari kwa mama yake Faduma, na shughuli zimeanza. Faduma akauliza, "Ni hilo tu aliloandika? Mbona karatasi ni nyingi?" Nikamwambia mengine ni wadudu. Nimeona hilo jibu linanijia kirahisi.

Wewe uko huko na hadubini yako, ukisema kweli unalala. Mimi ndiye ninayekaa naye. Ananichania nywele. Anakula chungu kimoja nami. Unajua ni nini kitatokea akisikia? Hatakuuliza wewe kwanza. Ataniuliza mimi ukurasa ulikuwa wapi.

Ulikuwa kwenye mfuko wa aproni yangu, Kerrow. Ulikaa humo tangu Novemba, Desemba nzima, mpaka Januari. Niliufulia mara mbili, wino ukafifia lakini unasomeka. Nilikuwa nikikumbuka kwamba sijaumaliza, nacheka peke yangu wodini, nasema nitaumalizia kesho. Ahmednoor alilala nyumba hii kila usiku wa Ramadhani. Alikuwa umbali wa mkono. Nilikuja kuumaliza siku barua yako ya pili ilipofika, wakati wageni wa matanga wanakunywa chai.

Nilikutumia lile gunia kwa sababu nilikuwa nalo chini ya kitanda changu tangu Februari na nilichoka kulala juu yake. Usidhani nilikuwa nakushtaki. Au nilikuwa nakushtaki. Sijui.

Njoo umwoe. Mtoto apate baba. Hayo mengine tubaki nayo mimi na wewe.

Safiyo


Kituo cha Bahari
25 Julai 1967

Abaayo wangu,

Sikujua kuhusu aproni. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa.

Daktari amekwenda kwao kwa likizo na hakuna anayejua kama atarudi. Alipokuwa akifunga vitabu vyake alitazama gunia chini ya meza yangu, akaendelea kufunga. Nami sikumpa. Nimebaki na kunde wangu. Jana nilimtazama jike mmoja akiwa hai, ganda lake linapitisha mwanga na mayai yanaonekana nyuma, mviringo, yamepangana. Wewe ungependa kumwona. Nilitaka kukuandikia kwamba jike hahitaji kitu tena kutoka kwa dume, ana akiba yake, atafika. Kisha nikaona ninatafuta mfano wa kunifariji, nikafunga hadubini. Faduma si mdudu.

Safiyo, sitakuja kumwoa mtu ambaye nimemficha jambo hili. Nikimwoa bila kumwambia, kila chai atakayonipa nitaipokea kwa wizi. Na siku atakapojua, kwa sababu Nunow anajua gunia lilikuwa la nani, atakuwa hana pa kwenda na ana watoto wangu pia.

Sikuombi umsomee barua zangu za mwaka huu. Msomee ule ukurasa wa pili, na umwambie siku nilipojua kwamba haukusomwa. Usome wote, kutoka juu mpaka chini, pamoja na ulichokiruka. Usiruke hata neno. Kisha mwambie aamue.

Ukiona huwezi, niandikie, nami nitamwomba Adeer atafute mtu mwingine wa kusoma. Nadhani hutapenda hivyo.

Ndugu yako anayekupenda,
Kerrow


Garissa
3 Septemba 1967

Walaal Kerrow,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Watu wanasema mazungumzo yanaendelea na huenda vita vikaisha. Wamesema hivyo mara nyingi, lakini safari hii hata askari wanasema.

Nimesoma.

Nilingoja siku Hooyo amekwenda kwa jirani. Faduma alikuwa anamwogesha Osob kwenye karai. Nilimwambia, "Kuna ukurasa wa barua ya Kerrow ya mwaka jana ambao sikuwasomea." Akasema, "Ule wa wadudu," bila kugeuka. Nikautoa, nikaanza. Nilitumia maneno yetu yenyewe, yale ninayoyasema hospitali na siyasemi nyumbani. Nilipofika kwenye dhakari mbili alicheka. Wallahi alicheka, nilikuwa sijamsikia tangu Januari. Akasema, "Mbili? Na bado akafa, likabaki ganda tu?" Akasema, "Hivi ndivyo Kerrow anavyovitazama kutwa? Maskini." Nikaendelea. Uzi, vifuko, jike mwenye mayai ndani ya ganda. Hapo akawa anasikiliza, mkono uko mgongoni kwa mtoto. Kisha nikafika kwenye neno la Ahmednoor.

Akasema, "Rudia."

Nikarudia.

"Hapo anaposema asiende mwenyewe. Rudia."

Nikarudia tena. Akamtoa mtoto majini, akamfunga kitambaa.

"Ukurasa huu ulikuwa wapi siku ile unatusomea?"

"Mkononi mwangu."

"Na Ahmednoor?"

"Ameketi hapo ulipo."

"Na uliuruka kwa sababu ya Adeer."

"Ndiyo."

Akakaa. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza chumvi iko wapi, "Basi mume wangu alikufa kwa haya yenu." Nikamwambia na yako kuhusu Desemba na telegramu. Akasema, "Huyo naye aliogopa kuchekwa. Ninyi ni watoto wa tumbo moja kweli."

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Usiku wa kuamkia safari Ahmednoor alimwambia atakwenda visimani mwenyewe kukuchukulia mawe. Alijua tangu mwanzo kwamba ombi lako, alilolisikia pale mlangoni, ndilo lililompeleka. Aliliona gunia chini ya kitanda changu, akaliona limeondoka. Miezi yote hii alikuwa anangoja mmoja wetu aseme. Hakujua kuhusu onyo. Alidhani ulimwagiza tu, bila kufikiri, kama ndugu anavyomwagiza ndugu, na hilo alikuwa amekwisha kulisamehe.

Baada ya siku mbili alihamia kwa mama yake, upande wa pili wa mji. Alichukua mtoto na kikoi cha Ahmednoor. Adeer alipiga kelele, akauliza kisa. Nikamwambia. Nilimwambia yote, Kerrow, na ukurasa. Akasema, "Ungesoma. Mimi ni mzee, nimezalisha ngamia maisha yangu yote." Kisha akatoka nje na tasbihi yake na hakurudi mpaka chakula kikapoa.

Faduma ananiruhusu kumpima mtoto uzito kila Jumatatu. Hanichanii nywele tena.

Jibu lake kwako ni hili, nimeliandika kama alivyolisema: "Dumaal sitaki. Sina chuki naye. Lakini kila nikimtazama nitakuwa nasoma ule ukurasa. Osob atamwita adeer, na adeer aje amwone. Tena asije mikono mitupu. Mume wangu alikwenda kuchukua kitu. Nataka kujua kilikuwa nini."

Safiyo


Kituo cha Bahari
21 Septemba 1967

Abaayo Safiyo,

Salamu kwa Hooyo, kwa Adeer Abdille, kwako. Kwa Faduma nitazileta mwenyewe. Nimepata kibali, nacho kinasema "sababu za kifamilia".

Jumamosi nililifungua gunia. Fundo lilinichukua muda, sikutaka kulikata. Niliiloweka chokaa mpaka ikalainika, nikaichuja kwa vyujio, nikaikausha juani, nikaimwaga kidogo kidogo juu ya sahani nyeusi na kuwaokota kwa unyoya wa brashi uliolowa. Wamo. Bahari ilikuwepo Mandera. Hakuna aliyeniagiza kazi hii na hakuna atakayeiandikia ripoti, lakini nimeifanya kama inavyofanywa. Maganda marefu, membamba, ni ya madume, ni machache. Mengi ni ya majike waliotanuka nyuma. Madume wa bahari ile nao walikuwa wanabeba, Daktari akiniuliza nitamwambia.

Kuna jike mmoja ambaye maganda yake mawili hayajaachana. Upande mmoja umevunjika, na ndani, sehemu ya nyuma, kuna vijiganda viwili vidogo mno vya watoto wake. Alizikwa akiwa nao.

Huyo ndiye nitakayemleta. Nimemweka katika kichupa chenye pamba, pamoja na lenzi ya mkononi. Nitamwonyesha Faduma juani, nje, mbele ya watu. Adeer akiwapo nitafurahi, kwa sababu nitamweleza Faduma kila kitu kwa Kisomali na kwa mdomo wangu: dume ni nani na jike ni nani, anayebeba nini, na nani aliambiwa asiende. Sitangoja kuulizwa.

Naondoka Jumatano na basi la Malindi, kisha msafara. Nitatembea na malori mengine na sitashuka njiani.

Barua hii nimeiandika iwe ya ukurasa mmoja. Wasomee wote.

Kerrow